Vitabu vya picha vya vita vya Napoleon: Osprey, jitabu la sare, atlasi au picha za bure mtandaoni, uchukue kipi?

Kama umetoka kucheza gemu au kuangalia muvi ya Napoleon afu ukapata hamu ya kitabu chenye picha za maana, utakwama mapema sana. Ukiandika tu Waterloo kwenye duka lolote la mtandaoni vinamwagika vitabu lukuki, karibu vyote vina mwanajeshi wa Kifaransa mwenye kofia ndefu ya manyoya kwenye jalada, kimoja kina kurasa 48, kingine kizito hadi unakisomea mezani tu, na bei zao ni mbingu na ardhi. Na kibaya zaidi maelezo ya wauzaji yanafanana, vyote "vina picha nyingi za rangi", sasa hapo mtu anachaguaje?

Msimamo wangu mimi ni kwamba kuna maswali matatu ambayo watu huwa nayo kichwani: nani alikuwa wapi saa ngapi, alivaa nini, na kwa nini mambo yalienda vile yalivyoenda. Sijaona kitabu kinachojibu yote matatu vizuri. Kila aina inajibu moja kisawasawa, la pili inagusagusa, la tatu inalikwepa kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa jua kwanza swali lako ni lipi, ukilijua hilo nusu ya kazi imeisha.

Ninavyovipima

Vigezo ni vitano, na vyote nitavijaribisha kwenye vita moja, Waterloo ya tarehe 18 Juni 1815, ile Napoleon aliyoshindwa kwa mara ya mwisho, maana hiyo karibu kila mtu kaigusa. Cha kwanza ni ramani, kwamba ukiiangalia unaelewa kilichotokea au unaona mishale tu. Cha pili sare, yaani rangi za kola, pindo za mikono, vifungo, kofia na mikanda. Cha tatu picha imetoka wapi, kachora aliyekuwepo au msanii wa miaka 150 baadaye, na hiki watu wengi wanakiruka kumbe ndo kizito kuliko vyote. Cha nne maandishi. Cha tano mfuko, pamoja na hili suala letu la kusomea kwenye simu.

Wanaoshindana ni hawa wanne.

Osprey ni kampuni ya Uingereza inayotoa vijitabu vyembamba kwa mfululizo, na kwa mada hii mifululizo miwili ndo inakuhusu: Men-at-Arms, kurasa 48, kuhusu jeshi au kikosi fulani kilivaa nini, na Campaign, kurasa 96, kuhusu vita au kampeni moja. Watu wanaichanganya hii miwili afu wanalalamika, mtu kanunua Men-at-Arms anatafuta ramani ya vita haioni.

Jitabu la sare, hapa nawaweka wawili. Kuna ensaiklopidia ya Digby Smith ya 2006 inayopita jeshi moja baada ya jingine, na kuna zile juzuu mbili za Liliane na Fred Funcken, mke na mume wa Ubelgiji waliokuwa wachoraji wa katuni, zilizotoka kwa Kifaransa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Atlasi ni ile ya Esposito na Elting ya 1964, imetengenezwa na maofisa waliofundisha West Point, chuo cha jeshi cha Marekani. Ramani 169, na maelezo yamekaa upande wa pili wa kila ramani.

Wa nne hauzwi. Ni makusanyo ya picha za zamani ambayo maktaba kubwa zimeyaweka mtandaoni bure: Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, mkusanyo wa Vinkhuijzen ulioko New York Public Library, na ule wa Anne S. K. Brown ulioko Chuo Kikuu cha Brown.

Ramani

Hapa Campaign na atlasi wanakabana koo, ila hawachezi mchezo mmoja.

Waterloo ni uwanja mdogo, upana wake ni kama kilomita 4 au 5 hivi, na karibu kila kitu kinategemea umbo la ardhi. Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, aliwaficha watu wake nyuma ya mgongo wa kilima, mizinga ya Wafaransa ikawa inapiga bila kuona vizuri inapiga nani. Ramani bapa haikuonyeshi hilo hata uikodolee macho vipi. Ramani za Campaign zimechorwa kama unaangalia kutoka angani kwa upande, kilima unakiona kilima, na yale majengo ya mashamba yaliyopiganiwa: Hougoumont kule kulia kwa Wellington, La Haye Sainte katikati barabarani, Papelotte kushoto, na kuna namba zinazofuata matukio: kama saa tano na nusu asubuhi shambulio la Hougoumont, saa saba na nusu mchana kikosi cha d'Erlon, jenerali wa Napoleon, kinasogea, saa kumi Ney, marshali wa Napoleon, anamwaga wapanda farasi wake kwenye miraba ya Waingereza (askari wa miguu waliojipanga pande nne). Mtu ambaye hajawahi kusoma vita yoyote anaelewa.

Sasa uliza swali jingine, Grouchy, marshali mwingine wa Napoleon, na watu wake 33,000 walikuwa wapi siku hiyo? Hapo ndo atlasi inapopanda juu. Inakuanzishia tarehe 15 Juni Wafaransa wanavuka mto pale Charleroi, Ubelgiji ya leo, tarehe 16 wanapigana Ligny na Quatre Bras siku moja sehemu mbili, halafu Waprusi (Wajerumani washirika wa Wellington) walioshindwa Ligny badala ya kukimbilia kwao mashariki wanapanda kaskazini kuelekea Wavre, na Grouchy anatumwa kuwafukuza akiwa kachelewa. Unafunua ramani moja baada ya nyingine unaona kabisa kosa linavyojijenga. Campaign nayo inayo hiyo habari lakini Waterloo wameigawa kwenye vitabu vitatu vya John Franklin (Quatre Bras, Ligny, kisha Mont St Jean na Wavre), sasa ukinunua kimoja una theluthi ya hadithi, liangalie hilo kabla hujabonyeza kulipa. Kipo cha zamani cha kitabu kimoja pia.

Udhaifu wa atlasi: inamfuata Napoleon mwenyewe. Hispania alipoondoka mwanzoni mwa 1809 na vita ikaendelea miaka mingine mitano bila yeye, huko usitegemee mengi. Kama unampenda Wellington wa Salamanca na Vitoria, vita vyake vya huko Hispania, si kitabu chako.

Majitabu ya sare kwenye ramani hayana kitu cha kuongelea, na sio kosa lao, hawakuahidi. Picha za bure nazo ukiziacha peke yake hamna mtiririko, ila idara ya historia ya West Point imeweka ramani za vita hivi kwenye tovuti yake bure kabisa, unaweza ukaanza nazo uone kama atlasi utaipenda.

Sare

Haya sasa, huku ndo wengi wanakuja.

Kwanza nieleze kwa nini sare si urembo tu, maana kuna watu wanaona ni mambo ya vifungo na mapambo. Pale Papelotte jioni, Waprusi walipofika walianza kuwafyatulia risasi Wanassau, askari wa Nassau, dola ndogo ya Kijerumani, ambao walikuwa upande wao! Wanassau walitumikia Ufaransa hadi mwishoni mwa 1813, mkato wa nguo zao na muonekano wao kwa ujumla ulikuwa bado unafanana na wa Kifaransa, na kwenye moshi ule nani angejua. Au chukua wale Wajerumani waliokuwa wakitumikia mfalme wa Uingereza ndani ya La Haye Sainte, wamevaa kijani sio nyekundu kwa sababu walikuwa walenga shabaha wenye bunduki za Baker, na risasi ya Baker si ya gobori la kawaida, hivyo walipoishiwa hawakuweza tu kuazima za majirani, na jengo likaanguka baada ya saa kumi na mbili jioni. Ukiiona picha ya yule mtu wa kijani na bunduki yake fupi, unaelewa sehemu ya vita.

Men-at-Arms kwa hili yuko vizuri sana kwa kina. Kawaida kina kurasa nane za picha za rangi zilizopewa herufi A hadi H, kila moja askari kama watatu, na nyuma kuna maelezo ya kila mmoja, kavaa nini, kwa nini, mwaka gani. Vile alivyoandika Philip Haythornthwaite na kuchora Bryan Fosten kuhusu askari wa miguu wa Napoleon na Gadi yake (kikosi chake teule) ndo vinatajwa zaidi, na nakubaliana. Tatizo ni kwamba ni askari ishirini na kitu tu, jeshi zima la Ufaransa limegawanywa vijitabu kibao, na wakishakupata umeshaanza kukusanya, hapo sasa hela inatoka pole pole bila wewe kujua.

Jitabu la sare linashinda kwa upana. Unataka kujua Bavaria, Saksoni, Ureno, Naples, wote wamo kati ya majalada mawili. Regimenti za Waingereza ndo zinanogesha, karibu wote wamevaa nyekundu lakini kola na pindo za mikono zinawatenganisha, ya 28 njano, ya 42 ya Waskochi bluu, ya 69 kijani, vitu kama hivyo unavipata kwa kufungua tu. Akina Funcken wao wanakujazia ukurasa askari wengi wadogo wadogo, kofia, mifuko ya kuwekea bastola kwenye tandiko, panga, ni raha ya macho hasa. Ila upana una bei yake: askari mmoja anawakilisha miaka kumi. Na miaka kumi ile ilikuwa na mabadiliko balaa. 1806 Napoleon alijaribu kuwavalisha askari wa miguu nyeupe kwa sababu rangi ya nili ilikuwa adimu, Waingereza wamebana bahari, mwaka uliofuata akaghairi. Halafu 1812 ikaja kanuni mpya ya sare, ile ya Bardin, koti likafupishwa na kufungwa mbele hadi kiunoni. Kwa hiyo ukiona "askari wa miguu wa Ufaransa" bila mwaka pembeni, jua umepewa wastani.

Atlasi haina askari hata mmoja, vibox vya bluu na vyekundu tu.

Picha za bure ndo bahari yenyewe. Vinkhuijzen alikuwa daktari wa Kiholanzi aliyekuwa anakata picha za sare kutoka vitabuni na kuzibandika kwenye madaftari, zikafika zaidi ya 32,000, za nchi na karne zote. Ukimtaka husari (askari mwepesi wa farasi) wa regimenti fulani huenda ukapata picha kumi zake, na zote kumi hazikubaliani!

Na kama wewe kama mimi unapenda kujua Waafrika walikuwa wapi kwenye haya mambo, majitabu ya jumla mara nyingi yanaishia kwa Mamluki wa Gadi kwa sababu nguo zao zinapendeza. Kumbe 1803 Ufaransa iliunda kikosi cha watu weusi kutoka visiwa vya Karibi, wakiongozwa na Joseph Domingue aliyeitwa Hercule, mtu aliyejipatia jina kwenye vita ya Arcole, Italia, mwaka 1796, na 1806 kikapelekwa jeshi la Naples na kuitwa Royal-Africain. Waingereza nao regimenti yao ya 29 ilikuwa na wapiga ngoma weusi kwa miongo mingi hadi 1843. Hawa utawapata kwa kuchimba, kwenye vijitabu vya kikosi kimoja kimoja au kwenye picha za zamani, sio kwenye kurasa za mbele.

Picha imetoka wapi

Hiki kigezo ndo kinachotenganisha anayejifurahisha na anayetaka kujua.

Kuna sare ya kwenye kanuni na kuna sare ya kwenye tope. Gadi ya Napoleon iliyopanda kilima cha Waterloo kama saa moja na nusu jioni, kwenye picha nyingi za kisasa na za kizamani imevaa gwaride kamili, suruali nyeupe, manyoya marefu juu ya kofia. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa na makoti marefu ya bluu na suruali za safari, na baadhi hata kofia ya dubu hawakuwa nayo maana Gadi ilikuwa imeundwa upya haraka haraka baada ya Napoleon kurudi kutoka Elba. Basi mi nikishika kitabu chochote cha mada hii ninafungua hapo kwanza, naangalia Gadi wa 1815 wamevalishwa nini.

Vijitabu vya Men-at-Arms kwa kawaida vinakueleza kwenye maelezo ya picha kwamba hii imetokana na mchoro wa fulani au nguo iliyoko makumbusho, hilo ni jambo kubwa. Matoleo ya zamani ya miaka ya 1970 ni dhaifu kidogo kuliko ya baadaye, kwa hiyo mwaka wa toleo uangalie. Campaign ina zile picha kubwa za mapigano, za kusisimua, lakini ni za msanii wa leo anayekisia, nzuri kwa hisia tu. Akina Funcken vyanzo hawakutajii, unawaamini au huwaamini. Atlasi haihusiki hapa, ingawa kwenye idadi za majeshi wenyewe ni waangalifu.

Za bure zina pande mbili. Huko ndo utakutana na Faber du Faur, afisa wa mizinga wa Württemberg, dola ya Kijerumani, aliyekwenda Urusi 1812 na kuchora alichokiona, watu wamejifunga mablanketi, farasi wamekufa njiani, hakuna gwaride hapo. Alitoa picha hizo kuanzia 1831. Lakini hapo hapo utakutana na Richard Knötel, mchoraji hodari sana, picha zake zinazunguka mtandaoni kama ushahidi wa macho, na huyu bwana kazaliwa 1857. Miaka 42 baada ya Waterloo. Vinkhuijzen naye kwa kuwa alikata picha kutoka vitabuni, mara nyingi jina la kitabu lilibaki huko kwenye kitabu. Kwa hiyo ni bure lakini kazi ya kuchambua ni yako.

Maandishi

Nitapita haraka. Campaign inasomeka jioni mbili tatu, ina makamanda, majeshi, mpangilio wa vikosi, vita yenyewe, na mwishoni uwanja ulivyo leo. Haikuzamishi. Maandishi ya atlasi ni makavu ya kiaskari lakini yana makali, Elting hana huruma na jenerali mzembe. Ensaiklopidia ina historia fupi kila mahali, ya kutosha usipotee. Picha za bure hazina maandishi, au yako kwa Kifaransa na Kijerumani cha zamani.

Kitu kimoja kinachonikera kwa wote: Bahari ya Hindi wanaipa nafasi ndogo mno. Ufaransa ilikuwa na Île de France, ndiyo Mauritius ya leo, pale Grand Port Agosti 1810 Wafaransa wakawapiga Waingereza baharini na jina la ushindi huo likachongwa kwenye Arc de Triomphe, lango la ushindi la Paris, Desemba ya mwaka huo huo Waingereza wakakichukua kisiwa. Muscat, iliyokuwa na Zanzibar mkononi, ilitia saini mkataba na Waingereza 1798 wakati Napoleon yuko Misri, na Napoleon mwenyewe akamwandikia mtawala wa Muscat barua 1799. Haya yote ni nyumbani kabisa, na vitabu hivi vinapita hapo mbio kuelekea Ulaya.

Mfuko na simu

Osprey ndo rahisi kuingia, na wanauza hadi faili za kidijitali, hakuna posta wala forodha. Ila chunga, kwenye kifaa cha kusomea vitabu cha wino mweusi rangi zote zinakuwa kijivu, na kitabu cha sare cha kijivu ni utani, na ramani ya kurasa mbili inaweza kukatika katikati. Tablet ya rangi ndo mpango, simu inawezekana lakini utavuta picha hadi vidole viume.

Majitabu ya sare ni mazito, usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kitabu, ndo maana ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya mwambie mapema kabla hajajaza begi. Vya mtumba vipo vingi maana vilichapwa kwa wingi. Funcken kwa Kifaransa ni nafuu kwa wenzetu wa Kongo na Burundi ambao lugha si kikwazo. Atlasi ina umbo kubwa la mlalo, mtumba wake hupanda bei, na ukiagiza mwambie muuzaji akupigie picha ya mgongo wa kitabu kwa sababu uzito ule unachana majalada. Picha za bure ni bando lako tu, na unaweza kushusha kwa ukubwa mzuri.

Sasa nani achukue nini

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kuelewa vita moja, chukua Campaign ya vita hiyo. Austerlitz ya David Chandler ni mlango mzuri zaidi ya Waterloo kwa maoni yangu, kitabu kimoja, siku moja ya tarehe 2 Desemba 1805, mpango unaoonekana kabisa.

Kama unapaka rangi vinyago vya askari au unachora katuni, anza na jitabu la sare upate picha ya jumla, halafu ongeza Men-at-Arms cha kikosi unachokifanyia kazi tu. Usinunue mfululizo mzima kwa mpigo.

Kama wewe ni mwalimu, au mtu wa mikakati, unataka kujua Napoleon alikuwa anafikiria nini asubuhi ya vita, atlasi. Jaribu kwanza zile ramani za bure za West Point, zikikuchosha hata atlasi itakuchosha.

Kama hela hakuna kabisa, wala usione umekosa. Vinkhuijzen na Gallica vinatosha miezi, weka tu faili la kuandika kila picha nani kachora na lini, usipoandika baada ya wiki unakuwa na folda la picha nzuri zisizokuambia chochote.

Kama ni zawadi kwa kijana wa miaka kumi na kitu, Funcken, mwache ajaze macho kwanza, makosa ya vifungo atayagundua mwenyewe baadaye.

Na kama Waterloo ndo ugonjwa wako na umeshasoma vyote hivi, kuna kitabu cha Mark Adkin cha 2001, The Waterloo Companion, kikubwa, ramani za rangi pamoja na picha za uwanja ulivyo sasa, kinachanganya ramani, sare na idadi kuliko vingine vyote hapa. Ni vita moja tu hiyo, na ni kizito, kwa hiyo kabla ya kuagiza uliza kwanza gharama ya posta.